Usiuze PS5 zako kwa ajili ya PS6 ya kwenye picha

Usiuze. Mkuu, usiuze hata moja, na hiyo laki nane ya kishika uchumba unayotaka kumpelekea jamaa wa Kariakoo irudishe mfukoni leo hii.

Nimesoma bandiko lako nikajikuta nimesimama. Una banda la gemu Gongo la Mboto, PS5 tatu (PlayStation 5, mashine za gemu za Sony) zinakuingizia hela, umeona video ya PS6, mashine yao ijayo, yenye umbo, rangi na uwezo wake wote, sasa unauliza: uuze PS5 zote kabla hazijashuka bei, ulipie PS6 mbili mapema, umchongeshee fundi kabati la kuendana na lile umbo, na TV gani itafaa. Wachangiaji walionitangulia wanabishana teraflopu, kipimo cha nguvu ya mashine. Mimi hiyo njia unayotaka kupita nimeshaipita kwa miguu yangu, Tandika, mwaka 2020, na nikikaa kimya leo nitakuwa nimekukosea.

Nilikuwa na fremu karibu na soko. PS4 nne, TV nne za inchi 32, feni mbili. Mechi ya FIFA, gemu la mpira, shilingi 500, dakika nne kila kipindi, anayefungwa ndiye analipa. Siku za katikati ya wiki nilikuwa nafunga na elfu arobaini, Jumapili inagonga sabini. Kodi ya fremu, LUKU, chakula cha nyumbani, ada ya mdogo wangu, vyote vilitoka kwenye zile padi nane ambazo mpira wa vijiti vyake ulishaliwa na vidole gumba vya madogo wa Tandika hadi plastiki ikaanza kuonekana.

Habari za PS5 zilianza kutukalia kichwani 2019. Agosti mwaka huo ulivuja mchoro uliosajiliwa Brazil: mashine pana yenye mfereji mkubwa wa herufi V katikati. Kuna bwana mmoja alikuwa anatengeneza video za habari za gemu kwa Kiswahili, simtaji, tukamwamini kama imamu. Akasema V ile ndiyo PS5 yenyewe. Akatoa urefu na upana kwa sentimita. Akasema itasoma CD zote kuanzia PS1 mpaka PS4. Akasema ukichelewa kuuza PS4 yako, Krismasi ya 2020 utaiuza kwa wanaonunua vyuma chakavu.

Mchoro ulikuwa wa kweli, na hapo ndipo wengi tulipokwama. Sony waliusajili wenyewe. Ila ile ilikuwa mashine ya watengeneza gemu, wanayopewa kufanyia kazi kabla ya mashine ya dukani kutoka. Haikukusudiwa kuuzwa kwako wala kwangu. Na zile sentimita alizitoa kichwani mwake.

Machi 2020 korona ikaingia, shule zikafungwa, mikusanyiko ikazuiwa, banda likawa kimya. Nikaona ndio wakati. Nikauza PS4 tatu kwa 450,000 kila moja, nikabakiza moja. Mei nikapanda mpaka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa jamaa anayeagiza mizigo Dubai, nikamwekea 1,200,000 za PS5 mbili. Risiti ninayo mpaka leo. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: PS5 pisi 2, advansi 1,200,000/=. Basi. Hakuna kingine kwenye karatasi ile. Naomba uishike hiyo sentensi, tutairudia.

Kisha nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea makasha manne ya skwea paipu na wavu, kila moja na kufuli lake, maana Tandika mashine ikikaa wazi usiku huikuti asubuhi. Elfu sitini kila kasha. Vipimo nilimpa vya yule bwana wa video. Na kwa kuwa niliambiwa itasoma CD zote, nikazunguka kwa washikaji nikanunua CD za PS3 ishirini za mtumba, elfu kumi kumi.

Tarehe 11 Juni 2020 Sony wakaonesha PS5. Mkuu, hakukuwa na V. Kulikuwa na kitu cheupe kirefu, kola mbili zimeinuliwa kama za kijana anayekwenda harusini. Na hawakuonesha mashine moja, walionesha mbili: yenye sehemu ya CD, na Digital Edition isiyo na sehemu ya CD kabisa. Mwaka mzima wa tetesi nilizokuwa nafuatilia, sikuwahi kusikia mtu akinionya kuwa zitakuwa mbili. Nikampigia jamaa wa Aggrey: yangu ni ipi? Akanijibu, "Kiongozi, wewe tulia, PS5 ni PS5."

Nikatulia. Ningejua, ningepanda daladala saa ileile.

Septemba 16 bei ikatangazwa, dola 499 yenye CD na dola 399 isiyo na CD. Kwa dola ya wakati ule ni kama 1,150,000 na laki tisa na ushee. Nikasema afadhali, nimeshalipa zaidi ya nusu. Mashine ikaingia sokoni Marekani na Japani Novemba 12, Ulaya wiki moja baadaye, na ikaisha madukani kila mahali. Wengine wakawa wananunua na kuuza palepale mara mbili ya bei. Jamaa yangu kila nikimpigia: mzigo uko Dubai, mzigo uko bandarini, mzigo unalipiwa ushuru. Shule zilishafunguliwa tangu Juni, madogo wanakuja mlangoni wanakuta PS4 moja na foleni ya watu kumi na wawili. Walisubiri wiki mbili hivi. Kisha wakahamia kwa jirani yangu mwenye PS4 mbili kuukuu, moja inanguruma kama mashine ya kusaga, na hawakurudi. Mteja wa banda hafuati ubora wa picha. Anafuata padi iliyo wazi.

Machi 2021 nikaitwa. Mashine imefika moja, na bei imepanda, ongeza 1,300,000. Nikakopa kwa shemeji, nikaongeza. Nikafungua boksi dukani kwake, nikaitoa kwenye mfuko wake, nikaisimamisha mezani. Nikapitisha kidole pembeni, kutoka juu mpaka chini. Laini. Nikaigeuza, nikapitisha upande wa pili. Laini vilevile. Hakuna pa kuingiza CD. Ni Digital Edition.

Nikatoa risiti. Akaisoma kwa sauti, taratibu, mbele ya vijana wake: PS5, pisi mbili. "Sasa hii siyo PS5?" Nilikosa la kusema. Kwa karatasi ile nilikuwa sina kesi.

Anayetaka kucheka acheke, ila kwanza aje aniambie angepeleka risiti ile mahakama gani. Nina karton ya CD kumi na nne za PS4, mashine haiwezi kusoma hata moja. Za PS3 ndiyo usiseme, hata PS5 yenye CD haizisomi, inasoma za PS5 na PS4 tu. Kununua gemu mtandaoni nako ni safari: Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za akaunti za PlayStation, inabidi ufungue akaunti ya nchi nyingine na kutafuta kadi za zawadi za nchi hiyo, kisha ushushe GB makumi kwa bando la simu. Nilishusha FIFA kwa usiku tatu, simu imelala dirishani ikitafuta mtandao.

Nikaja kwenye kasha la chuma. Ndani lina sentimita 36. PS5 ina urefu wa sentimita 39. Sentimita tatu, mkuu! Nikailaza, nikaisimamisha, nikajaribu kuiinamisha, matundu ya hewa yanagusa wavu na ile fremu ni ya bati, Machi ya Dar unaijua. Nikawa naibeba kwenye begi kila usiku kwenda nyumbani na kila asubuhi kuirudisha. Makasha matatu nimempa jirani anafugia kuku, na kuku wanayafurahia kuliko nilivyowahi kuyafurahia mimi.

Mashine ya pili haikuja. Nilirudishiwa laki nne kwa miezi mitano, mafungu mafungu, nyingine elfu ishirini. Ilipofika Septemba 2021 nilirudisha fremu kwa mwenyewe. Nilipojikusanya tena nikaanza na PS4 za mtumba, laki sita kila moja. Moja nilipoigeuza nikaona chini yake alama ya rangi nyekundu ya kucha. Niliipaka mimi. Niliiuza laki nne na nusu, nikainunua laki sita, na ilikuwa imeshabadilishwa feni.

Yule bwana wa video alifuta video zake zote za V. Hakusema samahani, hakusema nilikosea. Watu walikuwa wanamwandikia chini wameuza mashine zao kwa maneno yake, anawajibu kwa kidole gumba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kukosea si kosa, mchoro ulimdanganya na yeye. Ila alipoona watu wanauza vitu vya kulishia watoto kwa kumsikiliza yeye, alikuwa na wajibu wa kusema hizi ni tetesi. Na hiyo video uliyotuwekea hapa ni mtindo uleule: umbo linazunguka, muziki, namba nyingi, hakuna aliyeishika.

Kinachojulikana kweli kuhusu mashine ijayo ni hiki. Oktoba 2025 Mark Cerny, msanifu wa mashine za Sony, na Jack Huynh wa AMD, kampuni ya chipu, walikaa pamoja mbele ya kamera, wakaelezea teknolojia za michoro wanazoshirikiana kutengeneza, mwanga wa kwenye gemu uhesabiwe kwa haraka zaidi, kumbukumbu itumike vizuri zaidi. Cerny mwenyewe akasema vitu hivyo kwa wakati ule vilikuwa kwenye majaribio ya kompyuta tu, na kwamba anatamani kuviweka kwenye mashine itakayokuja miaka michache ijayo. Hawakuonesha umbo. Hawakutaja bei. Sasa huyo wa video amepimaje urefu?

Huo mwaka 2027 unaotajwa kuwa ndio wa kutoka PS6 nao watu wanaupata kwa kujumlisha: PS3 2006, PS4 2013, PS5 2020, basi ongeza saba. Hesabu nzuri, lakini kishika uchumba hakiwekwi juu ya hesabu. Mwaka 2021 kila mtu aliapa Nintendo, washindani wa Sony, wanaleta Switch, mashine yao ya gemu, yenye picha kali za 4K. Wakaleta yenye kioo cha OLED cha inchi 7, na ukiichomeka kwenye TV ni 1080p ileile ya siku zote, iliyo chini ya 4K.

Hoja yako ya kuwahi kabla PS5 hazijashuka bei, hiyo ilikuwa kweli enzi za PS2. Siku hizi mashine inazeeka na bei inapanda. Agosti 2022 Sony walipandisha PS5 kwenye nchi nyingi, Agosti 2025 wakaipandisha Marekani, yenye CD ikafika dola 549.99 kutoka 499. Na PS4, ya 2013, FC 26, ndiyo FIFA kwa jina jipya, imetoka Septemba 2025 na toleo lake la PS4 lipo. Miaka kumi na miwili! Wewe unaogopa PS5 zako zitakufa kesho kutwa?

Wewe kama mtu wa banda ungeuliza kitu kimoja tu: CD. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699.99 na haina sehemu ya CD ndani, unanunua pembeni. PS5 nyembamba ya 2023, sehemu yake ya CD ni ya kuchomoa, na unapoipachika mara ya kwanza inataka intaneti. Upepo unakovuma unauona. CD zako za kubadilishana na wenzako wa Ukonga na Pugu ndizo mtaji wako, na hakuna video itakayokuhakikishia PS6 utakayoletewa itazisoma.

Kwa hiyo sharti langu ni moja, nimelilipia zaidi ya milioni mbili: mashine inayokulisha haiuzwi mpaka inayoibadilisha iwe imefika Dar, umeishika kwa mikono yako, imemeza CD yako na gemu limefunguka mbele ya macho yako. Kabla ya hapo hakuna kuuza, hakuna advansi, hakuna fundi wa kabati. Muuzaji akikwambia nafasi zinaisha, ziache ziishe. Na siku hiyo ikifika, kwenye risiti iandikwe jina kamili la mashine, ina CD au haina, ukubwa wa hifadhi, na namba ya kwenye boksi. Akikataa kuandika, vua hata kofia umuage vizuri, uondoke.

Umesema mteja wa PS5 ya kwanza anakuja kesho saa nne asubuhi. Mpigie usiku huu, mwambie umeghairi, umrudishie elfu hamsini yake aliyotanguliza. Kisha njoo utuambie hapa kama umempigia, nasubiri.