Barua kwa mwanangu, kuhusu sikoseli na yale maneno ya wifi yako

Mama, meseji yako niliiona jana usiku na usingizi ukakata, ndo maana naandika kirefu badala ya kupiga, kwenye simu ningeanza kufoka. Umesema kliniki wamekupima wakakuambia una AS, wifi yako kusikia akasema watu wa pwani damu yao ina ugonjwa na kaka yake alionywa, sasa unaniuliza, baba hivi kweli ni ugonjwa wa kabila letu?

Sio kweli mwanangu. Kwanza AS sio mgonjwa, umerithi jeni ya sikoseli, ule ugonjwa wa seli za damu, upande mmoja tu, kwangu au kwa mama yako, ule mwingine uko sawa na ndo maana umefika miaka 29 hujui chochote. Mgonjwa ni yule aliyerithi pande zote mbili, SS.

Nimekaa maabara hapa Muheza miaka 31. Enzi zetu unaweka tone la damu kwenye slaidi, unaongeza sodiamu metabaisalfaiti ya kuondoa oksijeni, unafunika, pembeni unaziba na vaselini hewa isiingie, halafu unasubiri. Ukirudi kwenye hadubini zile seli zilizokuwa duara kama sahani unakuta zimejivuta, zimechongoka ncha mbili kama mundu. Nimeziona maelfu ya mara na kila mara nilikuwa nanyamaza kidogo kabla ya kuandika majibu, maana nje kuna mama kakaa na mtoto anasubiri. Na chanzo cha yote hayo ni herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu.

Sasa hiyo ya kabila. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, mwaka 1949 alizunguka akikusanya damu za watu wa makabila tofauti, akakuta pwani na kandokando ya Ziwa Victoria waliobeba jeni ya sikoseli wanapita asilimia 20, ila ukipanda nyanda za juu au ukienda sehemu kame hawafiki hata asilimia 1. Akaona hii kitu haifuati lugha wala kabila, inafuata mbu. Mwaka 1954 akaandika kwamba aliyerithi upande mmoja kama wewe ana kinga dhidi ya malaria, na wengine wamekuja kupima baadae wakakuta malaria kali kwa watoto wa AS inapungua karibu asilimia 90. Sio kwamba haimpati, inampata ila haimuui kirahisi (kwa hiyo neti usiache, hasa na hiyo mimba).

Hebu fikiria kijiji cha zamani huku bondeni, hakuna dawa hakuna neti. Mtoto wa AA, yule ambaye hakurithi upande wowote, malaria inamchukua, wa SS sikoseli inamchukua, anayebaki mpaka kuoa na kuzaa mara nyingi ni AS, anairithisha tena, hivyo hivyo miaka maelfu. Wewe upo leo kwa sababu kuna bibi yako alipona homa akiwa mdogo kwa damu hiyo hiyo wanayoiita mbovu. Kwa kina wifi yako mlimani kuna baridi, mbu walikuwa hawafiki, basi damu yao haikuwa na kazi ya kuibeba, wangehamia Pangani zamani hizo na wao wangekuwa nayo.

Na asikuambie ni mambo ya weusi pia. Iko Ugiriki, iko Sicily, iko Oman, iko India, kote kulikosumbuliwa na malaria, wakati Waxhosa kule Afrika Kusini ni Wabantu kama sisi na karibu hawana.

Kinachoniuma mimi sio hayo maneno, ni kwamba wamekupima wewe tu. Mumeo apime, tena ile ya elektroforesisi inayotenganisha aina za himoglobini kwa umeme, ya slaidi haitenganishi AS na SS. Akiwa AA mtoto hawezi kuwa SS, akiwa AS kila mimba ina asilimia 25 ya SS, na hapo mtoto apimwe mapema akizaliwa ili aanze dawa. Asiseme yeye ni wa mlimani, bibi yake mzaa mama si uliniambia alitokea Ukerewe? Ukerewe ni ziwani mama, aende wiki hii hii, na majibu yakitoka nipigie hata kama ni usiku wa manane.