Nambari ya jezi ya raga ni ya kazi, si ya mtu: jibu kwa mzazi aliyeuliza kuhusu 7 na 14

Mzazi mwenzangu, umeeleza kwamba mwanao wa kidato cha pili, ambaye tangu shule ya msingi amevaa jezi nambari 7 katika kandanda, ameingia timu ya raga ya shule yake hapa Nairobi, akaomba 7 ile ile, na mwalimu wa timu akamkatalia na kumpa 14 bila maelezo. Unataka kujua kama kuna kanuni au ni ukali wa mwalimu tu. Nilicheza raga ya klabu hapa jijini kwa miaka 9 nikiwa huka, yaani mtu wa katikati ya mstari wa mbele, na baadaye nikawa meneja wa timu ya pili, yaani mtu wa kubeba mfuko wa jezi na kujaza orodha ya timu kabla ya mechi. Naomba nikujibu kwa urefu, kwa sababu jambo hili nalijali, na kwa sababu mwalimu huyo, ingawa alipaswa kumweleza kijana, hakukosea.

Katika raga ya wachezaji 15, nambari haimfuati mchezaji. Mchezaji ndiye anayeifuata nambari. Wanane wa mbele, wale wanaosukumana katika skramu, yaani pale timu mbili zinaposhikana na kusukumana kugombea mpira, huvaa 1 hadi 8: propu wa kushoto ni 1, huka ni 2, propu wa kulia ni 3, maloki wawili ni 4 na 5, maflanka ni 6 na 7, na anayefunga skramu kwa nyuma ni 8, ambaye hata jina la kazi yake ni hiyo nambari yenyewe, maana sote tunamwita nambari nane. Nyuma yao, skramu-hafu ni 9, flai-hafu ni 10, winga wa kushoto ni 11, senta wa ndani ni 12, senta wa nje ni 13, winga wa kulia ni 14 na fulbeki ni 15. Anayebadilishiwa nafasi kutoka winga hadi fulbeki wiki ijayo hubadilishiwa na jezi, na hakuna anayeona kwamba amenyang'anywa kitu.

Sasa tazama lililompata mwanao. Katika mpangilio wa zamani wa kandanda, ambao bado unaheshimiwa na timu nyingi, 7 ni winga wa kulia. Katika raga winga wa kulia ni 14. Kama kijana wako alikuwa akikimbia upande wa kulia akiwa na 7 mgongoni, basi mwalimu amempa kazi ile ile aliyoizoea, ila katika mchezo huu kazi hiyo ina nambari nyingine. Angempa 7 ya raga, angekuwa amemfanya flanka, mtu wa kuchomoka kwenye skramu kabla ya wengine, kumwangusha flai-hafu wa wapinzani na kuinama juu ya mpira ulio chini huku miili mizito ikimwangukia. Ni kazi ya heshima kubwa, lakini si kazi ya kumpa mvulana mwepesi mwenye mbio ambaye hajamaliza hata muhula mmoja wa mazoezi.

Utaratibu huu una faida uwanjani ambayo mtazamaji huenda asiitambue. Wachezaji hawaitani kwa majina pekee. Wanaitana kwa nambari, na mbinu nyingi zimejengwa juu ya nambari hizo. Tulikuwa na mbinu ya 8-9, ambayo karibu kila timu inayo: nambari nane anaokota mpira mwenyewe nyuma ya skramu, anawavuta walinzi, kisha anamrushia skramu-hafu aliyezunguka. Nahodha akitamka namba hizo mbili, watu 15 wanajua pa kwenda. Vivyo hivyo, safu ya ulinzi huhesabu wapinzani kwa migongo yao: ukiona 12 na 13 wamesimama upande mmoja na 11 amehama kutoka kwake, unajua kuna jambo linakuja. Jezi zikichanganywa, lugha hii yote inavurugika, na anayeumia kwanza ni mgeni wa mchezo ambaye bado hajazijua sura za wenzake.

Kuna nambari mbili tu ambazo hata wenye ujuzi hubishania, nazo ni 6 na 7. Katika sehemu kubwa ya dunia, 7 hucheza upande wa skramu ulio na uwanja mpana, na 6 upande finyu ulio karibu na mstari wa pembeni. Waafrika Kusini wamegeuza: kwao 6 ndiye wa upande mpana na 7 ndiye wa upande finyu. Ndiyo sababu jezi ambayo Nelson Mandela aliivaa katika fainali ya Kombe la Dunia pale Ellis Park, tarehe 24 Juni 1995, ilikuwa na 6 mgongoni, kwani ilikuwa nambari ya nahodha Francois Pienaar, na Siya Kolisi aliivaa nambari hiyo hiyo akiwa nahodha timu hiyo iliposhinda mwaka 2019 na tena mwaka 2023. Kwa hiyo mwanao akimsikia kocha mmoja akisema 6 ni wa upande mpana na mwingine akisema ni 7, asidhani mmoja wao hajui raga. Aulize tu timu yao inafuata desturi ipi.

Nadhani mkanganyiko wa vijana wetu unatokana na jambo moja jema: Mkenya ameijua raga kupitia mchezo wa wachezaji saba kila upande. Tulipoishinda Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore mwezi Aprili 2016, hata watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa RFUEA kwenye barabara ya Ngong walishangilia. Katika raga ya saba, kikosi huwa na wachezaji 12, saba uwanjani na watano wa akiba, na nambari hazifungwi kwenye nafasi kwa ukali ule. Mchezaji hupewa nambari yake kwa mashindano yote, na mwenye 11 anaweza kuingia kwenye skramu ya watu watatu bila mtu kushangaa. Kijana anayemwona shujaa wake na nambari ile ile kutoka mji hadi mji huamini kwamba nambari ni mali ya mtu, kama ilivyo katika ligi za kandanda za Ulaya. Shule ya mwanao ikicheza mashindano ya saba, huenda akapata 7 yake bila ubishi wowote. Mwambie aiombe wakati huo.

Nambari 16 hadi 23 ni za wachezaji wa akiba, na hapa ndipo nilipojifunza kwa uchungu. Desturi ni kwamba 16 ni huka, 17 ni propu wa kushoto na 18 ni propu wa kulia, kisha wanafuata wengine wa mbele, na mwisho wachezaji wa nyuma, ambao kwa kawaida huanza na skramu-hafu mwenye 21. Watatu wale wa kwanza hawapangwi hivyo kwa mazoea tu. Mstari wa mbele wa skramu ni mahali ambapo shingo inaweza kuvunjika, na kwa hiyo sheria za mchezo zinadai watu waliofunzwa: timu ya wachezaji 23 lazima iwe na sita wanaoweza kucheza mstari wa mbele, ya wachezaji 19 hadi 22 iwe na watano, na ya 16 hadi 18 iwe na wanne. Wasipopatikana, refa anaamuru skramu zichezwe bila kusukumana. Mimi mwenyewe nilivaa 16 misimu miwili mizima nikimsubiri mwenye 2 azeeke, na wakati huo benchi letu lilikuwa na watu saba, kwa hiyo propu mmoja wa akiba alilazimika kumudu kushoto na kulia, kazi mbili zisizofanana hata kidogo.

Nikiwa meneja, siku moja mfuko wa jezi ulirudi kutoka kufuliwa bila nambari 18. Nilikuwa na jezi ya seti ya zamani yenye nambari 26, nikampa propu wetu wa akiba, na kwa haraka za asubuhi ile sikurekebisha orodha niliyokwisha kuikabidhi. Kipindi cha pili, tukiwa mbele kwa pointi 4 na tukiwasukuma wapinzani katika kila skramu, nambari 3 wetu aliumia bega. Kijana akasimama kuingia. Afisa wa mechi akatazama mgongo wake, akatazama karatasi, na hakuiona 26. Karatasi ile ndiyo inayoonyesha nani amefunzwa kucheza wapi, na afisa hakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba huyu ndiye aliyeandikwa. Alikataa, na sikuwa na hoja ya kumpinga. Skramu zikachezwa bila kusukumana hadi mwisho, silaha yetu kubwa ikawa imewekwa chini, na tukafungwa trai, yaani bao la kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli, dakika za mwisho. Kijana yule alikuwa amefanya mazoezi mwezi mzima akiisubiri nafasi hiyo. Tangu siku hiyo, kila mechi, nilipita nyuma ya wachezaji wakati wa kupasha misuli na kusoma migongo yao mmoja mmoja huku karatasi ikiwa mkononi, na namshauri kila mwalimu wa shule afanye hivyo.

Ipo pia sababu ambayo walimu hawaitaji kwa kuwa wanaiona ya kawaida mno: saizi. Seti ya jezi za raga hushonwa kwa kufuata miili ya kazi hizo. Jezi ya 1, ya 3, ya 4 na ya 5 huwa kubwa kabisa, ya 9 huwa ndogo kuliko zote, na za mawinga huwa za wastani. Shule hununua seti moja na kuitumia miaka mingi. Winga mwembamba akivaa jezi ya flanka, kitambaa kitamlegea mbavuni, na jezi inayolegea ndiyo mkono wa mlinzi unayoikamata kwanza. Winga hujitetea kwa kutokamatika.

Usidhani hata hivyo kwamba mpangilio huu ulishuka ukiwa umekamilika. Zamani timu nyingi za Uingereza zilianza kuhesabu kutoka nyuma, fulbeki akiwa 1, na raga ya ligi, ile ya wachezaji 13, imebaki na desturi hiyo hadi leo. Klabu ya Leicester ilitumia herufi badala ya nambari hadi miaka ya 1990, na mstari wake wa mbele ukajulikana kwa herufi A, B na C. Klabu ya Bath kwa muda mrefu iliruka 13, fulbeki wake akivaa 16. Na ingawa raga haina mazoea ya kustaafisha nambari, klabu ya Munster ya Ireland iliiweka kando 8 kwa mechi moja mwezi Oktoba 2016, siku chache baada ya kifo cha kocha wao Anthony Foley, aliyekuwa ameivaa kwa miaka mingi. CJ Stander, aliyecheza nafasi hiyo siku ile, alivaa 24. Kila nikilikumbuka tukio hilo naona jinsi nambari ya kazi inavyoweza kubeba heshima ya mtu bila kuwa mali yake.

Klabuni kwetu tulikuwa na utaratibu unaokaribia hapo. Usiku wa kuamkia mechi kubwa, mchezaji wa zamani wa nafasi hiyo alikuja kumkabidhi jezi atakayeivaa kesho. Mara yangu ya kwanza kupewa 2, aliyenikabidhi alikuwa mzee wa makamo mwenye masikio yaliyovimba kwa skramu za miaka, na alinitajia kwa majina wanne walioivaa kabla yangu. Sikulala vizuri. Shule nyingi hazina nafasi ya kufanya hivyo, lakini mwanao anaweza kumtafuta kijana wa kidato cha nne aliyevaa 14 kabla yake na kumwuliza mambo matatu: asimame umbali gani kutoka mstari wa pembeni, wakati gani arudi nyuma kumsaidia fulbeki mpira unapopigwa juu, na amkabili vipi 11 wa wapinzani, kwa sababu huyo ndiye atakayekuwa mbele yake mechi nzima.

Mechi ikiisha, ageuze jezi ndani nje kabla ya kuirudisha mfukoni, kwa maana nambari zilizobandikwa huchubuka zinaposuguana na matope makavu, na ahakikishe mwenye mfuko ameihesabu akiwa bado amesimama hapo.