Rikaveri Ikiharibika, Usikimbilie Kuflashi Simu Nzima

Mdogo wangu unayeanza kukaa kwenye meza ya ufundi, siku utakayoletewa simu iliyorutiwa, yaani iliyofunguliwa mwenyewe awe na mamlaka yote juu ya mfumo, yenye rikaveri mbovu, ule mfumo mdogo wa ukarabati ulio pembeni ya Android, mikono itakuwasha uiflashi: uishushie romu nzima, mfumo wake wote, upya. Mimi yangu iliwahi kuniwasha, nikaiachia.

Ilikuwa Redmi Note 4. Simu hiyo ina mapacha wawili wanaochanganya watu: yenye chipu ya Snapdragon 625, ambayo watu wa romu huiita mido, na yenye chipu ya MediaTek, inayoitwa nikel. Kijana mmoja wa chuo alikuwa ameiruti mido yake vizuri tu, kisha akapakua TWRP nyingine (TWRP ni rikaveri isiyo ya kiwandani) bila kutazama jina, akaweka ya nikel. Kila akishika kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwashia ili aingie rikaveri, logo inatokea, halafu giza. "Fundi, imekufa," akaniambia. Nikamwamini. Sikujaribu hata kuiwasha kwa njia ya kawaida. Nilifungua Mi Flash, programu ya kompyuta ya kuflashi simu kama hizo, nikachagua ifute kila kitu, na baada ya muda simu ikawaka safi kama imetoka dukani. Akaishika, akapekua, akauliza picha za sendofu ya dada yake ziko wapi. Hakugomba. Alilipa, akaondoka, na sikumwona tena.

Kinachoniuma ni kwamba ile simu haikuwa na ugonjwa. Rikaveri ilikaa kwenye patishini yake peke yake, yaani kipande chake cha hifadhi, kama mlango wa uani. Mlango wa uani ukikwama, sebule haijabomoka. Angebonyeza kitufe cha kuwashia peke yake, Android ingefunguka na picha zote zingekuwepo. Tena ruti ilikuwa bado inafanya kazi, kwa hiyo faili sahihi la TWRP lingeweza kuandikwa humohumo ndani ya mfumo bila hata kompyuta.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua mlango upi bado unafunguka. Washa kawaida, subiri dakika kadhaa. Ikigoma, jaribu kuingia rikaveri. Ikigoma, ingia fastibuti, ile hali ya simu kupokea amri za kompyuta kabla Android haijawaka, ambayo kwenye simu nyingi ni kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia. Ikiwa fastibuti inafunguka na butiloda, programu ya kwanza inayoiwasha simu, haijafungwa, vuta kiti ukae. Simu hiyo itapona.

Wakati huohuo mwache mteja aseme. Wote huanza na "sijafanya kitu, fundi, imejizima tu." Usimbishie. Muulize kwa upole kama kuna apdeti aliikubali jana, kama alifuata video, kama lile faili bado analo. Jibu la apdeti lina uzito wake, nitalirudia.

Ukiwa fastibuti, uliza simu maswali kabla ya kuiamuru chochote. `fastboot devices` inakuonyesha kama kompyuta inaiona. Isipoiona, badilisha waya kabla ya kulaumu draiva, na ukiweza tumia tundu la USB 2.0, maana tundu za kasi zaidi huleta visirani visivyoelezeka. `fastboot getvar product` inakupa jina la ndani, au kwenye baadhi ya simu jina la chipu. Hata la chipu tu lingenitosha siku ile. Kisha `fastboot getvar current-slot`. Ikikujibu a au b, simu ina sloti mbili, yaani seti mbili za patishini za mfumo. Isipokujibu kitu, kwa kawaida ni simu ya mtindo wa zamani wenye patishini ya rikaveri. Andika majibu yote kwenye daftari. Daftari la karatasi, ndiyo, kwa sababu saa tano usiku ukiwa na simu nne mezani utachanganya.

Tuanze na simu ya mtindo wa zamani. Ukishapata TWRP ya jina hilohilo, usiiandike bado. Ijaribu kwanza kwa `fastboot boot twrp.img`. Amri hii inaipakia kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ikigoma, unazima simu na hakuna kilichoguswa. Ikifunguka, kioo kikaitikia vidole na hifadhi ikaonekana, hapo ndipo unaiandika kwa `fastboot flash recovery twrp.img`. Kuna simu zinazoikataa amri ya kwanza. Kwa hizo hakiki jina la faili mara mbili ndipo uandike.

Ukimaliza kuiandika, usiruhusu simu iwake kawaida. Nenda moja kwa moja rikaveri kwa vitufe. Romu nyingi za kiwandani zina kijiprogramu ambacho kila simu inapowaka hukagua rikaveri, na ikikuta ngeni huirudisha ya kiwandani. Nimeona mafundi wanaflashi mara tatu, mara nne, wanasema faili bovu, kumbe kila mara walikuwa wanaiacha simu iwake na kazi yao inafutwa. Kwa Samsung ni hivyohivyo, ila huko hakuna fastibuti, kuna Odin, programu ya kompyuta ya kuziflashi. Ondoa alama kwenye kisanduku cha Auto Reboot kabla ya kubonyeza Start, kisha uiwashe mwenyewe kwa vitufe. Na mwenye Samsung ambaye hajawahi kuiruti mwambie mapema kwamba alama ya Knox, ulinzi wa Samsung, ikishageuka kuwa 0x1 hairudi tena, na Secure Folder, folda yake ya siri, ndiyo kwaheri.

Sasa simu za sloti mbili. Google ilianza nazo kwenye Pixel ya 2016 na leo zimeenea. Nyingi kati yake hazina patishini ya rikaveri kabisa. Rikaveri imewekwa ndani ya boot, patishini ya kuiwashia Android, na kwenye baadhi ya simu mpya imehamishiwa patishini nyingine, vendor_boot. Kijana aliyezoea simu za zamani anaandika TWRP kwenye boot, na kwa kufanya hivyo amefuta kile kinachoiwasha Android. Simu sasa inafungua rikaveri tu, au inarudi fastibuti kila mara. Dawa yake ni boot.img ya kiwandani kutoka kwenye romu ileile, namba ya toleo ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Iandike kwenye sloti inayotumika. Simu itawaka, data ipo, ruti imepotea. Ruti unairudisha kwa kulipitisha faili hilohilo la boot kwenye Magisk, programu ya kuruti, kisha kuliandika tena. Kwenye simu zilizotoka kiwandani na Android 13 au zaidi, angalia kama zina patishini ya init_boot, maana hapo ndipo Magisk hufanyia kazi yake.

Wengine watakwambia uhamie sloti ya pili kwa `fastboot --set-active=b`. Inaweza kukuokoa, lakini sloti ya pili inaweza kuwa na mfumo wa zamani au isiwe na kitu cha maana, ukatoka kwenye shimo moja ukaingia lingine. Mimi naitumia nikiwa nimekosa boot.img kabisa.

Nirudi kwenye apdeti. Kuna tatizo ambalo wageni wa kazi hulitibu vibaya kuliko yote: simu ina TWRP nzima, inafanya kazi, ila ukibonyeza kuwasha mfumo inarudi TWRP. Unabonyeza tena, inarudi. Fundi anaamua mfumo umekufa. Kilichotokea ni kwamba mteja alikubali apdeti ya kiwandani. Android iliandika ujumbe mfupi kwenye patishini inayoitwa misc, ukiiambia butiloda: ukiwaka, nenda rikaveri ukamalizie apdeti. Rikaveri ya kiwandani ingemaliza na kuufuta ujumbe. TWRP haikuweza kuikamilisha apdeti ile, ujumbe ukabaki, na butiloda inautii kila siku kama askari asiyeambiwa vita vimekwisha.

Ujumbe huo unachukua baiti 2048 za mwanzo za misc. Ingia `adb shell`, njia ya kuiandikia simu amri kutoka kompyuta, simu ikiwa TWRP, tazama patishini zilivyopangwa kwa `ls -l /dev/block/by-name`, au `/dev/block/bootdevice/by-name` kwenye nyingine, weka bakapu ya misc kwenye kompyuta, kisha uandike sifuri juu ya ujumbe huo:

`dd if=/dev/zero of=/dev/block/by-name/misc bs=2048 count=1`

Soma hiyo `of`, mahali amri itakapoandika, kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter. Sitanii. `dd` haiulizi kama una uhakika. Watu wengi hufuta misc yote kwa fastibuti na hupona, lakini baadhi ya watengenezaji huweka mambo yao kwenye sehemu inayofuata ya patishini hiyo, kwa hiyo mimi nagusa pale tu penye ujumbe.

Tukio lingine linalopoteza data za watu: TWRP inafunguka, hifadhi ya ndani inasoma 0 MB, au majina ya faili ni herufi zisizosomeka. Fundi mgeni anadhani hifadhi imeharibika, anaenda Format Data, TWRP inamtaka aandike yes, anaandika. Zile herufi ni data iliyofungwa kwa usimbaji. Data ipo nzima, ila hiyo TWRP haijui kuifungua. Mwombe mteja patani yake, na tafuta TWRP iliyotengenezwa kwa toleo la Android lililomo kwenye simu. Ukikosa, iache hivyohivyo. Mfumo ukiwaka utaifungua wenyewe. Ukiandika yes, hakuna programu ya kurejesha faili itakayokusaidia, kwa sababu ufunguo umeondoka pamoja na data.

Tecno na Infinix, ambazo ndizo zitakazojaa mezani kwako, nyingi ni za MediaTek, na fastibuti ikigoma utatumia SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuflashi simu za chipu hiyo. Weka alama kwenye rikaveri peke yake na uchague Download Only. Lile chaguo la Format All lisahau kama vile halipo. Linafuta hadi nvram, na humo ndimo zinamokaa IMEI na vipimo vya redio. Simu itawaka vizuri kabisa, kisha *#06# itakuonyesha patupu na laini haitashika. Hapo utashawishika kumwandikia mteja IMEI yoyote ile, na hilo ni jambo la polisi: sheria ya Tanzania ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010 inaihesabu kubadili IMEI kuwa kosa. Kabla ya kuandika chochote kwenye MediaTek, soma kwanza nvram na nvdata, uhifadhi. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba nimemcheleweshea kwa bakapu, na hata wangelalamika ningeendelea.

Kosa la mwisho linafanywa simu ikiwa imeshapona. Fundi anataka kumrudishia mteja simu "kama mpya", anaifunga butiloda huku ndani kuna TWRP au boot iliyopita Magisk. Butiloda iliyofungwa hukagua saini, inakuta mgeni, inakataa kuwaka, na kwa kuwa imefungwa inakataa pia kuflashiwa kwa fastibuti. Umeua simu nzima kwa amri moja. Mi Flash ina chaguo la kufuta na kufunga kwa pamoja, na mara nyingi utalikuta limeshachaguliwa kabla hujagusa kitu. Tazama chini ya dirisha kila unapoifungua. Ukitaka kufunga, romu iwe ya kiwandani kuanzia patishini ya kwanza hadi ya mwisho, na mteja ajue kwamba kufunga kutafuta data yake.

Kabla hajaondoka, wekeni laini, apige simu, aone *#06#, afungue picha zake mbele yako. Kisha mnakilie boot.img yake ya kiwandani na rikaveri iliyokubali, kwenye memori kadi yake mwenyewe, folda ikiwa na jina la ndani la simu na namba ya toleo. Wewe baki na nakala. Mwenye simu iliyorutiwa atarudi, safari hii akiwa ameikubali apdeti nyingine.