Wakwe wanakuja Krismasi, na kwangu hapapikwi nyama

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa Machame. Sili nyama wala samaki, ndivyo nilivyolelewa katika nyumba ya Wasabato, na mume wangu naye ameacha nyama mwaka huu baada ya gauti kumlaza kitandani. Krismasi hii hatuendi Moshi, wakwe ndio wanakuja kwetu Dar. Usiku wa tarehe 25 tutakuwa watu 12. Baba mkwe ana presha na kisukari. Wifi ameshapiga simu kuuliza mbuzi atatoka wapi. Niwapikie nini wasione nimewadharau?*
*Mke wa Mchaga, Mbezi*

Marahaba, mwanangu.

Suala la mbuzi limalizwe kabla hujawasha jiko. Uchagani mbuzi wa Krismasi si kitoweo tu. Kumchinja na kugawa viungo vyake ni namna ya kuwapa wakubwa heshima yao, kila kiungo na mwenyewe. Wakifika wakaikuta meza kimya, watajiona wamenyimwa, hata ukipika vizuri namna gani. Kwa hiyo mumeo ampigie baba yake simu, ampigie yeye mwenyewe wala asimtumie ujumbe, tena wiki mbili kabla: usiku wa tarehe 25 kwake hakuna nyama, na mbuzi atachinjwa tarehe 26 kwa ndugu mwingine ikiwa yupo aliye tayari. Ukisema wewe, mkwe amewakatalia. Akisema yeye, ni mtoto anayewapangia wazazi wake sikukuu. Wifi naye ajibiwe na kaka yake.

Sasa chakula. Kosa linaloharibu meza nyingi za aina hii ni kupika chakula cha nyama kisha kuiondoa nyama: machalari matupu (ndizi za Kichaga zinazopikwa na nyama), mtori wa vipande vya soya. Mtu aliyekula mtori wa mama yake miaka 60 ataonja kijiko cha kwanza na kujua kilichokosekana. Nyama ya soya iache kabisa usiku huo. Pika vyakula ambavyo tangu asili havikuhitaji nyama, na kimojawapo kitoke kwao.

Hicho ni kiburu, ndizi zilizopondwa pamoja na maharage, na mama mkwe wako anakijua kuliko mimi na wewe. Mwombe akuelekeze kwa simu, na akifika akae jikoni akionje. Kwa watu 12, kikiwa na vyakula vingine, weka maharage makavu nusu kilo na ndizi mshare 30 hivi (soko la Mabibo utazipata). Loweka maharage usiku wa tarehe 24. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 za kwanza, kisha yapike mpaka yaive kabisa. Ndizi zimenye kwa mikono iliyopakwa mafuta, utomvu usigande, na uzitie kwenye maji zisiwe nyeusi. Zipange juu ya maharage, maji yazifunike kidogo tu, pika dakika 30 hadi 40, halafu ponda kwa mwiko ukiacha mabonge. Wengi hutia magadi ili maharage yalainike haraka. Kwa mzee mwenye presha usitie: magadi yana sodiamu kama chumvi, tena huharibu vitamini B1. Kuloweka vizuri kunatosha. Kiburu kikikaa hukauka na kuwa kigumu, basi weka maji ya moto karibu, uongeze kikombe kabla ya kupakua.

Pilau ya uyoga ndiyo itakayobeba harufu ya sikukuu. Watu hudhani utamu wa pilau unatoka kwenye nyama, kumbe sehemu kubwa iko kwenye kitunguu. Chukua vitunguu maji vikubwa 6, vikaange kwa moto wa wastani dakika 15 hadi 20, mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokolea. Ukiwa na haraka ukaviacha vikiwa vya njano, pilau itatoka nyeupe na haitakuwa na ladha. Vikiungua vitakuwa vichungu, uanze upya. Tia saumu, tangawizi, binzari nyembamba vijiko vya chakula 2, pilipili manga kijiko cha chai 1, hiliki 8, karafuu 6, vijiti 2 vya mdalasini. Uyoga wa mamama gramu 800 ukaange pembeni, kidogo kidogo, bila chumvi, kwenye kikaango chenye moto mkali. Ukiujaza wote kwa pamoja utatoa maji na kuchemka, nao utateleza mdomoni. Mchele kilo 1 uloweke nusu saa, uchuje, maji ya kupikia lita 1 na nusu. Nusu ya uyoga ipike na wali, nusu imwagie juu wakati wa kupakua, ili wapate cha kutafuna. Vidonge vya supu viache: vina chumvi nyingi, na vingine vina mafuta ya ng'ombe au kuku.

Hadi hapo una wali na ndizi, na hapa ndipo wenyeji wengi huishia, wakaongeza chapati na viazi. Wageni wanashiba wanga, saa moja baadaye njaa inarudi, na lawama inaangukia kukosa nyama. Meza yako inahitaji protini ya kutosha. Pika mbaazi za nazi: mbaazi kavu gramu 750, ziloweke usiku, ziive kwanza, ndipo utie tui jepesi la nazi 2. Tui zito litie mwishoni, moto mdogo, bila kufunika, ukikoroga, la sivyo litakatika. Nazi iishie kwenye chungu hicho kimoja, ni mafuta mazito. Mchicha kilo 2 uunge kwa karanga za kusaga gramu 250 badala yake. Hukuniandikia kama mnakula mayai. Kama mnakula, mayai 12 kwenye mchuzi wa nyanya yatamtuliza hata shemeji mbishi.

Wakifika, wakute jiko la mkaa limewaka: uyoga, hoho na biringanya kwenye vijiti, vilivyokaa nusu saa kwenye ndimu, saumu na mafuta. Wanachokikosa wala nyama wengi ni moshi na kitu cha kuuma, na hivyo viwili unaweza kuwapa. Tangawizi isikose kwenye mbaazi, maana tumbo lisilozoea vyakula vya jamii ya kunde, kama maharage na mbaazi, hujaa gesi. Kwa sababu hiyo usimsukumie mtu sahani ya pili.

Baba mkwe mpakulie nusu ya sahani mchicha na kachumbari, robo mbaazi, robo pilau au kiburu, si vyote viwili. Embe za Desemba ni tamu, apewe vipande vichache, juisi hapana. Na wifi akisema maharage yataamsha gauti ya kaka yake, mwambie kwa upole kwamba tafiti hazijaona vyakula vya jamii ya kunde vikiongeza gauti kama zinavyofanya nyama na bia. Kama daktari wake amemkataza maharage, mfuateni daktari.

Ikitokea mtu ameingia na hotpoti ya nyama, ipokee kwa mikono miwili, iweke kwenye meza ya pembeni na upawa wake. Usiibishie mbele ya wazee. Mumeo atazungumza na aliyeileta kesho yake, wakiwa wawili.

Shangazi