Ukihamia Mtaa Mpya, Anza na Watoto

Mwaka 2021 niliuchana mpira wa watoto kwa kisu. Ulikuwa umetua kwenye gauni jeupe la mteja nililolianika, gauni la harusi ya Jumamosi, na hasira ikanipanda. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Mbagala, Dar es Salaam, na wakati huo nilikuwa na miezi minne tu mtaani. Watoto walisimama wakaniangalia. Hakuna aliyelia wala kujibu. Waliondoka mmoja mmoja.

Nikauokota niutupe, ndipo nikaona ulivyotengenezwa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mpira wa rambo umeadimika, basi watoto hutumia wanachokipata. Katikati kulikuwa na kipande cha sponji ya godoro, juu yake soksi ya shule iliyotoboka kisigino, halafu vipande vya vitenge vilivyoviringishwa na kukazwa kwa kamba ya katani. Vitenge vile nilivijua. Yalikuwa mabaki ninayoyafagia chini ya cherehani yangu kila jioni. Walikuwa wakiyaokota jalalani.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikata jinzi kuukuu, nikaushona mpira mpya mshono wa mara mbili, nikaujaza mabaki mpaka ukawa mgumu. Asubuhi nilimkabidhi mkubwa wao, nikamwomba radhi. Akasema, "Ahsante, mama fundi," akatimua mbio. Jioni mama zao watatu wakaja barazani kunisalimia. Miezi minne yote tulikuwa tunapitana tu bila hata kuulizana hali.

Ndiyo maana nakwambia, ndugu yangu uliyehama juzi: jua majina ya watoto kwanza. Wape kitu kidogo kinachotoka kwenye kazi yako. Muuza duka ana maboksi, seremala ana vipande vya mbao. Pipi zinaisha mdomoni, lakini boksi linakuwa gari wiki nzima.

Na kama una eneo la mbele unalotaka kulizungushia ukuta, tafadhali bakisha hatua chache za mchanga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi na elimu katika mambo ambayo mzazi anapaswa kumpa mwanawe. Mzazi aliyepanga chumba kimoja atautoa wapi uwanja? Uwanja wake ni mimi na wewe.

Mipaka iwepo. Kwangu mtoto wa jirani haingii chumbani, mambo yote yanaishia barazani, anapopita kila mtu na kuona. Ndoo ya maji ya kunywa ina kifuniko na kikombe chake. Adhana ya magharibi ikisikika, kila mmoja kwao. Bodaboda walikuwa wakikatiza kwa kasi, tukazungumza na mjumbe, tukafukia matairi mawili hadi nusu yake kwenye mdomo wa kichochoro. Sasa wanapunguza mwendo.

Ninachopata mimi ni kikubwa kuliko mpira. Umeme ukikatika usiku kisha ukarudi, mtaa mzima unalipuka, "Umerudiiii!" Naishi peke yangu, wanangu wako mbali, na kelele ile hunifanya nijione nami nina watu. Mchana wanacheza rede: wawili wanarushiana mpira, wa katikati anaukwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, kiganja kwa kiganja. Kuna kabinti ka darasa la pili kanakwepa kwa kujipinda kiuno tu, miguu haibanduki, mkono bado uko kwenye mchanga. Nimewahi kuachia pedeli nikakatazama mpaka chupa ikajaa.

Desemba wengi hupelekwa kwa bibi zao mikoani. Mwaka wa kwanza nilidhani nitafaidi utulivu, nimalize nguo za sikukuu. Siku ya tatu nilikuwa natazama kichochoro kila nikisikia nyayo.

Shule zilipokaribia kufunguliwa Januari, nilisikia kijiti kikichora mstari wa rede chini ya dirisha langu. Nilitoka na mfuko wa mabaki niliokuwa nimewawekea. Kamba ya kuanikia niliihamishia nyuma ya nyumba, na huko ndiko iliko mpaka leo.