Maswali ya Wasomaji: Gazeti jipya limezeeka, kitabu cha babu bado kinadunda

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko Pangani. Nyumbani tuna kitabu cha maulidi kimeandikwa kwa mkono, kimerithiwa toka kwa babu wa babu, na karatasi zake mpaka leo ni laini unafunua bila wasiwasi. Sasa gazeti nililokifungia mwaka 2015 limekuwa rangi ya chai na ukilikunja linavunjika kama kaukau. Inakuwaje kipya kinazeeka kabla ya cha zamani?

JIBU: Marahaba. Kabla ya stori yoyote, hilo gazeti litoe. Sababu inakuja.

Karatasi, iwe ya kitabu au ya kufungia vitumbua, ni nyuzi za mimea zilizopondwa mpaka zikawa kama uji, uji ukamwagwa juu ya chekeche, maji yakachuja, nyuzi zikabaki zimeshikana, unagandamiza unakausha basi. Mafunjo ya Misri ya kale mi siyahesabu humo, kule walikata bua vipande vyembamba wakavipanga vikikatana wakavigonga, hakuna uji hapo. Uji ni wa Wachina. Vitabu vyao vinasema mwaka 105 towashi mmoja wa ikulu ya wafalme wa Han, Cai Lun, alimpelekea mfalme karatasi ya magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Ila ardhini China zimefukuliwa karatasi zilizomtangulia kwa zaidi ya miaka 200, kwahiyo yeye tumwite fundi aliyeiboresha, na sifa zake azichukue.

Ikafika Samarkand huko Asia ya Kati, mwishoni mwa miaka ya 700 Baghdad wana kiwanda chao, Waarabu wanaiita qirtas na sisi tukapata karatasi yetu humo humo, halafu ikavuka Hispania na Italia, na mji wa Fabriano ulikuwa unaitengeneza tayari miaka ya 1200. Huko Ulaya malighafi ilikuwa matambara, shuka na mashati ya kitani na pamba yaliyochakaa, watu wanapita mitaani kuyanunua kama hawa wetu wa chuma chakavu. Nyuzi za pamba na kitani karibu zote ni selulosi, yaani kile kinachounda nyuzi za mmea, na selulosi ikiwa safi inavumilia miaka na miaka. Hebu inua ukurasa mmoja wa kitabu chenu mbele ya dirisha. Ukiona ndani yake alama ya hilali tatu zimepangwa mstari, basi hiyo huenda ni karatasi ya Italia, walikuwa wanaitia alama hiyo maalumu kwa ajili ya soko la nchi za Kiislamu. Ukiziona niandikie, mi mwenyewe nimeshapata hamu.

Balaa lilianza wasomaji walipoongezeka na matambara yakawa hayatoshi. Mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Keller, alikuwa anasaga gogo kwenye jiwe la kunolea lililolowa, na Fenerty kule Kanada mwaka huohuo akaonyesha karatasi yake ya mti. Bei ikashuka, magazeti yakajaa. Lakini gogo likisagwa hivihivi linaingia na lignini yake, yaani ile gundi inayoufanya mti usimame, na lignini ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano. Gazeti mpaka leo kwa kawaida ni mti wa kusagwa, hakuna anayetegemea ulihifadhi miaka 10. Enzi zile viwanda viliongeza na shabu, hiihii unayoijua, pamoja na ulimbo wa msonobari ili wino usisambae, na shabu ikaleta asidi inayokatakata nyuzi polepole, ndo maana vitabu vingi vya miaka ya 1900 mwanzoni vinapukutika kuliko vya miaka ya 1700.

Na asidi haitulii kwake, inahamia kwa jirani. Kwahiyo kitabu kifungie kitambaa cheupe cha pamba kilichosuuzwa vizuri, kiweke pakavu, na mtu akikwambia akipigie lamineshi mkimbie, ile plastiki ikishashika kwa moto haitoki tena.

SWALI: Kwanini mfuko wa simenti hauchaniki ovyo na ni karatasi tu? Msomaji, Mafinga.

JIBU: Wewe uko jirani kabisa na jibu. Paini za msitu wa Sao Hill zinaenda kiwanda cha karatasi cha Mgololo, zinakatwa vipande, halafu hazisagwi, zinapikwa kwa magadi makali na salfaidi, kemikali yenye salfa, kwenye joto la kama nyuzi 170 mpaka lignini inayeyuka na nyuzi ndefu zinabaki nzima. Njia hiyo ni ya Carl Dahl, 1879, inaitwa kraft, Kijerumani maana yake nguvu. Rangi ya kahawia ni kwa vile haijapaushwa. Na harufu ya mayai viza kwenye viwanda vya namna hii ni hiyo salfa.

SWALI: Shule wanataka rimu kila muhula. Nitajuaje kama zimo 500 kweli bila kuhesabu?

JIBU: Pima. Pale juu imeandikwa gramu 80, yaani mita moja ya mraba ina uzito huo, na A4 kumi na sita ndo zinatimiza mita hiyo, kwahiyo moja ni gramu 5. Rimu nzima iwe kilo mbili na nusu. Mwenye bucha hapo mtaani hatakunyima mizani.