Kabla ya kukisifia kifaa, kaa nacho mwezi mzima

Mwaka 2009 nilinunua Mwanjelwa, hapa Mbeya, kompyuta mpakato ndogo aina ya Asus Eee PC 701 iliyokwisha kutumika, nikaisifia kwa walimu wenzangu siku hiyo hiyo, na kabla ya muhula kwisha wawili kati yao walikuwa wamenunua kama yangu kwa kuliamini neno langu. Aibu iliyofuata ndiyo iliyonifundisha kupima vifaa, na ndiyo inayonifanya nimwandikie ushauri huu yeyote ambaye ndugu na majirani humfuata kumuuliza kipi kinafaa kununuliwa.

Sikuwa nimewadanganya. Kompyuta ile, iliyotoka mwaka 2007, haikufikia kilo moja, ilikuwa na kioo cha inchi 7, na badala ya diski inayozunguka ilihifadhi kazi katika kumbukumbu ya flashi ya gigabaiti 4, kwa hiyo sikuwa na hofu ya mitikisiko ya barabara nilipokwenda nayo Tukuyu. Hayo yote niliyaona siku ya kwanza. Yaliyohitaji muda ni mengine. Mfumo wa Linux uliokuja nayo, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, ulipangwa kwa namna ambayo faili za asili hazikufutika kweli: ukiondoa programu iliyotoka nayo kiwandani, ilitoweka machoni lakini nafasi yake haikurudi, na programu hiyo iliposasishwa, toleo jipya lilikaa juu ya la zamani, yote mawili yakila nafasi ile ile finyu. Baada ya wiki sita hivi mashine ikaanza kudai kwamba imejaa, ilhali mimi nilikuwa nimeweka mitihani michache tu.

Kosa la pili liliniuma zaidi kwa sababu ningeweza kuligundua kwa saa moja. Programu ya kuandikia ya OpenOffice ilifungua nyaraka zangu za Word vizuri, nami nikatangaza kwamba haina tatizo. Nilipopeleka mtihani wa kidato cha pili stationari ili uchapwe, majedwali yalikuwa yamehama, na swali moja lilikatikia katikati ya ukurasa wakati wanafunzi wanasubiri. Tangu hapo sisemi lolote kuhusu programu ya kuandikia mpaka niwe nimeandika waraka halisi, nikaupeleka kwenye mashine ya mtu mwingine na kuishika karatasi yenyewe mkononi.

Betri ndiyo inayowaumiza wengi, hasa katika vifaa vya mtumba. Muuzaji atakuambia inakaa saa nne, na pengine haongopi. Ni saa nne za mashine iliyoachwa imewaka mezani, mwanga wa kioo ukiwa umefifishwa. Mimi huijaza chaji, nikauweka mwanga ninaoutumia kweli, nikaandika na kufungua kurasa mpaka izime yenyewe, huku nimeangalia saa ya ukutani. Kwenye kompyuta zenye mfumo wa Windows 8 na matoleo yaliyofuata kuna amri ya powercfg /batteryreport, ambayo hutoa taarifa yenye namba mbili muhimu: uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa inapojaa. Namba ya pili ikiwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, hesabu bei ya betri nyingine kabla ya kutoa fedha. Jambo jingine ni baridi. Betri za lithiamu hupungua nguvu zinapopoa, na asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu si za mchezo. Majaribio niliyoyafanya Januari yalinipa matumaini ambayo Julai iliyanyang'anya.

Kwa upande wa simu, niliwahi kuidharau Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, kwa sababu haikuwa na kamera wala intaneti. Bibi yangu wa Uyole aliitumia kwa miaka mingi na sifa aliyoitaja kwanza ilikuwa tochi. Alikuwa mpimaji bora kuliko mimi: alijua usiku wake unavyokuwa umeme ukikatika. Nilipopata simu yenye Opera Mini, kivinjari cha kufungulia kurasa za intaneti, nilijifunza namna yake ya kupima. Programu ile haiufuati ukurasa moja kwa moja; seva za kampuni huuchukua, huubana, kisha huutuma ukiwa mdogo. Badala ya kurudia maneno ya tangazo, niliandika salio langu, nikafungua kurasa zile zile tano kwa kivinjari cha simu na kisha kwa Opera Mini, nikalinganisha kilichokatwa. Daftari lenye tarakimu kama hizo lina faida kubwa, kwa sababu anayekuja kuuliza anaweza kuona mwenyewe, hata kama matumizi yake si kama yangu.

Ile Eee PC bado ninayo, ikiendeshwa kwa mfumo mwepesi nilioupakia kwenye kadi ya SD. Mmoja wa wale walimu wawili, kila anaponiona na kifaa kipya, hanisalimu kwanza. Huniuliza kama mwezi umekwisha.